Sura ya Tisa: Gati Tupu

Arobaini na watatu. Mpelelezi Kobe alihesabu tena, safari hii akianzia upande wa baharini, akapata arobaini na wanne, maana mmoja alikuwa amechutama nyuma ya rundo la nyavu anavuta sigara yake. Watu arobaini na wanne juu ya gati moja, na jua lenyewe hata halijachomoza vizuri! Wabeba vikapu walikuwa wanapishana mbio mbio, wanawake wa ndoo wanagombea nafasi, wenye mashua wanatukanana kuhusu nani kafunga kamba juu ya kamba ya nani. Ukimtoa yule wa sigara, hapakuwa na mtu aliyetulia.

Akatazama saa yake. Kumi na mbili na dakika kumi na moja.

Akatoa picha kwenye bahasha, akainyanyua mbele ya uso mpaka gati la kwenye karatasi likakaa sambamba na gati la kweli. Picha ilipigwa dakika hii hii, siku kumi na tatu zilizopita, kutoka kwenye mwamba ulioko nyuma ya mgongo wake. Ndani yake mlikuwa na gati refu la saruji, bahari nyeupe iliyolala, mashua mbili zilizofifia, na toroli la barafu limeegemezwa kwenye nguzo. Mtu hakuna. Hata wa dawa.

"Koplo," aliita.

Koplo wa kituo cha hapo, mtu wa makamo mwenye kitambi cha kuheshimika, alikuwa amekumbatia kikombe cha chai kana kwamba kitatoroka. "Naam, afande."

"Saa hizi hapa huwa na watu wengi hivi kila siku?"

"Nasikia hivyo."

"Unasikia? Si umezaliwa mji huu?"

"Nimezaliwa hapa, afande, lakini sikuzaliwa kichaa. Saa hizi mimi niko kitandani."

Mama muuza chai alicheka mpaka birika likamtikisika mkononi. "Mnasema wengi? Leo wachache! Siku tulipomzika bwana samaki wa serikali watu walishusha mzigo kwanza, mazishi yakangoja hadi saa nne."

"Na siku aliyokufa yule dada wa kamera?"

"Usiseme! Dagaa waliingia siku ile, baba. Pa kutemea mate hapakuwepo."

Kobe akairudisha picha kwenye bahasha. Alilikagua gati hili mara tatu tangu aletwe kutoka makao makuu, na mara zote tatu ilikuwa saa nne asubuhi, baada ya kunywa chai yake na kupiga pasi shati. Saa nne samaki wameshauzwa na watu wamekwenda zao. Alikuta gati tupu, akatazama picha, akakuta gati tupu, akaona mambo yanalingana. Leo asingekuja alfajiri kama mwendesha mashtaka hangemwagiza apime mwendo wa miguu, kutoka gatini hadi mwambani, kwa saa ile ile ya tukio. Mpumbavu yeye! Alitafuta mtu mmoja kwenye picha, hakumwona, akafurahi. Hakujiuliza wengine wote wako wapi.

Mtu mwenyewe alikuwa muuza barafu, ambaye wavuvi walimbandika jina la Baridi. Leo saa nane mchana gari la kituo lingempeleka mahakamani kusomewa shtaka la kuua, na kosa la kuua halina dhamana. Angekaa gerezani mwaka, miwili, mitatu, akisubiri siku yake, na nyumbani ana mke na watoto watatu wanaokula kwa toroli lile.

Kesi ilionekana rahisi. Mpiga picha, mwanamke wa miaka thelathini na minane, alikuja na mdogo wake kwa gari dogo. Walikuwa wanaifuata pwani yote ya majabali, mji hadi mji wa wavuvi, wakikusanya picha za kitabu, na huu ulikuwa mji wa saba. Siku ya kwanza tu aligombana na Baridi. Alimpiga picha amelala juu ya magunia yake, bila hodi, na Baridi akamshika mkanda wa kamera mbele ya watu akamwambia, "Ukinifanyia tena hivi, utanitambua." Kesho yake alfajiri mpiga picha alipanda mwambani. Kamera kubwa ilikutwa imesimama kwenye stendi yake ya miguu mitatu, salama salimini. Kamera ndogo haikuonekana mpaka leo. Mwenyewe alikutwa chini kwenye mawe, amepasuka kichwa. Mdogo wake, aliyekuwa garini chini ya mwamba, alisema alisikia mayowe saa kumi na mbili na dakika kumi na tatu.

Daktari aliandika kwamba jeraha lile lingeweza kuwa la jiwe, na lingeweza kuwa la nyundo ya kuvunjia barafu. Kobe alinakili la nyundo. Baridi akasema alikuwepo gatini toka saa kumi na moja, anabebea mashua barafu, hadi aliposikia watu wanapiga kelele. Wavuvi wanne wakasema kweli alikuwepo, ila hao ni rafiki zake. Halafu kadi ya kamera kubwa ikafunguliwa, ikatoka picha ya mwisho: saa kumi na mbili na dakika kumi na moja. Toroli lipo, mwenye toroli hayupo. Mkuu wa kituo alimpongeza Kobe kwa sentensi hiyo.

"Picha ilisafishiwa wapi?" Kobe aliuliza sasa.

"Makao makuu, afande. Hapa tuna Fundi Picha tu, yule wa pasipoti. Hakuna aliyemshughulisha."

"Twende tukamshughulishe."

* * *

Fundi Picha alifungua dirisha akiwa na mswaki mdomoni. "Pasipoti kuanzia saa mbili. Na uvae shati la rangi, nyeupe inaniharibia."

"Polisi, mzee."

"Polisi nao saa mbili."

Lakini alipoiona picha kupitia nondo za dirisha aliutoa mswaki mdomoni. Akatema povu, akafungua mlango, akawakaribisha kwenye chumba chenye stuli moja, pazia la bluu na kioo cha watu kujitazamia meno. Akaiweka picha chini ya taa, akachukua kioo cha kukuzia.

"Dada huyu alikuwa fundi," alisema. "Mungu amrehemu. Nyie mmeiangalia picha hii siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na mawimbi mmeyaona?"

"Bahari imetulia."

"Imetulia! Bahari ya hapa, chini ya mwamba ule, umewahi kuiona imetulia wewe?" Akamgeukia Koplo, na Koplo akatikisa kichwa. "Hapa mawimbi yalikuwepo mia, yakaja yakaondoka, na kamera ikayameza yote. Jicho lake liliachwa wazi. Unaweka kioo cheusi mbele ili mwanga uingie kidogo kidogo, halafu unangoja. Kilichosimama kinabaki. Kinachotembea hakiachi hata alama. Hebu nipe ile karatasi iliyokuja nayo."

Kobe alimpa. Ilikuwa ni karatasi ya makao makuu, ina tarehe, ina saa ambayo yeye mwenyewe aliipigia mstari mara mbili kwa wino mwekundu, na pembeni ina namba 240. Aliijua namba hiyo. Aliichukulia kuwa ya faili.

"Sekunde," Fundi Picha alisema. "Mia mbili arobaini. Dakika nne kamili, kijana wangu. Dakika nne mtu anabeba barafu mbio mbio, unataka akae kwenye picha afanye nini?"

Kobe akaketi kwenye stuli ya pasipoti. Hakuwa na mahali pengine pa kuketi.

"Na hili hapa?" Fundi alisogeza kioo chake kwenye toroli. Ubavuni pake palikuwa na kidoa cha kijivu, kidogo kama ukucha. "Hili si gati, wala si ukuta."

"Ni uchafu wa wino."

"Uchafu wa wino hauna mgongo. Mtu aliinama hapa. Sekunde thelathini, arobaini hivi, anavunja au anapakua. Kisha akaondoka."

Koplo akasema taratibu, "Lahaula."

Kobe hakutaka kuamini kwa maneno matupu. Kwa maneno matupu alikwisha fanya ya kutosha. Akamtuma Koplo stoo ya vielelezo, akatia saini ya kuchukulia kamera kubwa, stendi na kioo cheusi, na saa moja unusu wakawa juu ya mwamba, Fundi Picha akilaani magoti yake kila hatua. Mashimo madogo ambamo miguu ya stendi ilisimama siku ile bado yalikuwa yamezungushiwa chokaa ya polisi. Wakaweka pale pale.

"Koplo," Kobe alisema, "shuka gatini. Chukua kikapu cha mtu, kijaze chochote. Tembea toka torolini hadi mwisho wa gati, nenda rudi, mpaka nikupungie mkono. Usisimame."

"Watu watanicheka, afande."

"Wacheke."

Na kweli walicheka. Kelele zao zilifika hadi mwambani, na Kobe alimwona Koplo waziwazi kwa macho yake mawili, kofia kwapani, kitambi mbele, anahema na kikapu cha dagaa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Fundi Picha alikuwa ameshika saa. Dakika nne ni nyingi ukiwa huna la kufanya ila kungoja. Kobe aliangalia kando, akaona jinsi mwamba ulivyoinama kuelekea ukingoni, na jinsi ulivyokuwa umelowa.

Kamera ikalia. Fundi akaigeuza, wote wawili wakainama juu ya kioo chake kidogo.

Bahari nyeupe, imelala. Gati refu la saruji. Gatini walikuwepo watu thelathini, Koplo na kikapu chake akiwa wa thelathini na moja, na kwenye picha hakuna hata mmoja.

"Haya," Fundi Picha alisema. Hakuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. "Huyo muuza barafu mnamfunga leo?"

* * *

Mdogo wa marehemu alikuwa bado kwenye nyumba ya wageni nyuma ya soko, chumba namba tano, akingoja ruhusa ya kuondoka. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mwenye macho ya mtu asiyelala. Sanduku la dada yake lilikuwa wazi sakafuni, halijafungashwa, halijafunguliwa vizuri.

Kobe alibaki amesimama. "Picha za dada yako za baharini. Zote alikuwa anaziacha dakika nne?"

"Nyingine sita." Hakushangaa kuulizwa. "Hapendi watu kwenye bahari yake. Alikuwa hapendi. Alikuwa akisema wanamchafulia maji, kwa hiyo anawaosha."

"Nilikuonyesha hii siku ya pili. Nikakwambia muuza barafu hayumo. Ulinyamaza."

"Uliniambia hayumo. Hukuniuliza kwa nini."

Kobe alimeza jibu hilo kwa sababu lilikuwa la haki. Akavuta kiti. "Basi leo nauliza. Dakika nne zile, kamera kubwa ikiwa inajifanyia kazi yake, dada yako huwa anafanya nini?"

"Anazunguka na ile ndogo."

"Jicho kwenye kamera."

"Ndiyo."

"Na anarudi nyuma nyuma, ili aingize mwamba wote."

Binti alikaza macho kwenye sanduku.

"Miji saba," Kobe alisema, "na kila mji jabali lake. Mtu anatembea kinyumenyume ukingoni mwa jabali, jicho moja limefungwa. Hata mara moja hajateleza?" Akafungua daftari lake kwenye orodha ya vitu vilivyokutwa garini. "Kipengele cha kumi na nne. Mkanda mpana wa turubai, una mshikio nyuma. Niliandika ni wa kufungia mizigo. Nikakurudishia."

Binti alitazama mlango. Mkanda ulikuwa unaning'inia nyuma yake kwenye msumari, mahali ambapo mtu hutundika taulo.

"Si wa mizigo," alisema mwishowe. "Ni wake. Anauvaa kiunoni, mimi namshika kwa nyuma. Akirudi sana, namwambia basi. Ndiyo kazi yangu ilivyo safarini. Kuendesha gari, na kusema basi."

"Asubuhi ile?"

"Baada ya ugomvi ule tulirudi mji wa sita kuchukua mizigo, nikaendesha usiku kucha kuja tena hapa. Yeye kalala, mimi naendesha, maana lazima tuwahi mwanga, kila siku tuwahi mwanga. Tukafika. Akanigusa bega, akasema twende, mdogo wangu. Nikamwambia tangulia, nakuja." Alikuwa anaongea bila machozi, na hilo lilikuwa gumu kulitazama kuliko machozi. "Nikafumba macho kidogo. Mkanda ulikuwa kiti cha nyuma. Angeuchukua basi! Lakini angeuchukua afanye nini nao, mwenyewe hawezi kujishika."

"Ukasikia mayowe."

"Hayakuwa mayowe. Niliwaambia mayowe. Aliniita mimi. Mara moja tu, kwa jina langu, kama ananiita chakula kiko tayari."

Nje mtu alikuwa anafagia ua. Kobe alingoja, kama kawaida yake; kungoja ndiko kulikompa jina lake kazini, na watu wengi walikuwa wamekwisha mwaga siri zao ndani ya kimya chake.

"Na muuza barafu yuko ndani siku kumi na mbili," alisema.

"Mimi nilisema kauliwa? Nyie ndio mlikuja mkaniambia!" Sasa sauti ilimkatika. "Wewe ulikaa hapo hapo ulipokaa, ukaniambia pole dada, tumempata aliyefanya. Na mama alipiga simu usiku ule. Unajua aliniuliza nini? Hakuniuliza amekufaje. Aliniuliza, wewe ulikuwa wapi? Nikamwambia, mama, kauliwa. Usiku huo nililala. Usiku huo mmoja tu."

Kobe alitafuta hasira ndani yake ili amgombeze, hakuipata. Alikuwa anamwona tu mtu aliyepewa uongo akiwa anazama, akaushika. Na aliyempa ni nani? Akatoa karatasi za maelezo. Binti akaeleza tena, polepole, naye akaandika neno kwa neno, hadi lile la chakula. Alipotia saini aliuliza, "Mama ataisoma hii?"

"Mahakama itaisoma."

"Kwa hiyo ataisoma," alisema, akakunja magoti kitandani akageukia ukutani.

* * *

Saa sita na robo Kobe aliingia kituoni mbio, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na askari wa kaunta akasimama akidhani kuna moto. Mkuu wa kituo, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole ambaye hakuwahi kuhitaji kuipandisha, alimsikiliza mpaka mwisho. Akasoma maelezo ya binti. Akaitazama picha ya asubuhi.

"Koplo yumo humu?"

"Anatembea, mama. Mara nne."

"Kazi nzuri," alisema, lakini hakuinua macho. Akafungua mtoto wa meza akatoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja. "Saa tatu asubuhi Baridi aligonga mlango wa mahabusu mwenyewe, akaomba aandikiwe. Amekiri."

"Amekiri nini? Hakuna mtu aliyeuliwa!"

"Soma."

Kobe alisoma amesimama. *Niliacha toroli langu gatini. Nikapanda mwamba kwa njia ya nyuma. Nilikuwa na hasira tangu jana yake. Nikamkuta amenipa mgongo.* Aliyajua maneno haya. Hayakuwa ya Baridi. Baridi haongei hivyo. Yalikuwa yake yeye, aliyotamka siku ya tatu, siku ya tano, siku ya tisa, kwa sauti ya chini, kwa njia ya maswali. Je, uliacha toroli lako gatini? Je, ulipanda kwa njia ya nyuma? Hakumpiga. Kwa siku zote kumi na mbili hakumgusa hata kwa ukucha, hakumnyima maji wala kumpandishia sauti, na alijisifu kwa hilo mbele ya vijana wa kituo. Kila asubuhi aliweka tu picha mezani akamuuliza, "Wewe uko wapi hapa?" Saa baada ya saa. Siku ya sita alimwita na mkewe, akamuuliza yeye pia.

"Nani alimshurutisha?"

"Hakuna, na ndiyo shida. Kakiri mbele yangu, katulia, kanishukuru." Mkuu alivua miwani. "Nikipeleka haya ya binti, mwendesha mashtaka ataniambia binti alikuwa amelala, atajuaje? Na jaribio lako ataliita mchezo wa kamera. Kamwambie Baridi aifute kauli yake. Atie saini tu, gari haliondoki naye, nabeba mimi lawama. Una saa moja na nusu."

Baridi alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha mahojiano, mikono magotini, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Alikuwa amepungua. Alipomwona Kobe alisogea kumpisha nafasi, kama mwenyeji.

"Afande, shikamoo. Nilidhani huji leo."

"Marahaba. Baridi, sikiliza. Umeshinda. Hukumuua, wala hakuna aliyemuua, aliteleza. Mdogo wake ameeleza yote. Tia saini hapa, uende kwako."

Baridi alitabasamu kwa huruma kidogo. "Unanipima, afande."

"Sikupimi! Haki ya Mungu sikupimi." Akaweka picha mbili mezani, akaeleza. Akaeleza jicho la kamera, kioo cheusi, sekunde mia mbili arobaini. "Unaona hii? Nimepiga leo asubuhi. Koplo alikuwa hapa, anatembea na kikapu, nimemwona kwa macho yangu."

Baridi aliitazama kwa makini, kama alivyofundishwa kutazama picha. "Koplo hayumo," alisema.

"Alikuwepo!"

"Hayumo, afande."

Kobe akaiweka hiyo kando. Akaivuta picha ya zamani, akaweka kidole chini ya kidoa cha kijivu. "Na hapa. Hapa umeinama, unapakua barafu. Huyu ni wewe, ndugu yangu. Tuna shahidi fundi. Ni wewe."

"Hili doa?" Baridi aliuliza.

"Ndiyo."

Alicheka, bila ubaya wowote. "Mimi mwanzo nilikuwa mbishi, unakumbuka? Nilikuwa nasema nilikuwepo, nilikuwepo. Nikawa nakumbuka mpaka baridi ya magunia mgongoni. Mama watoto akaja, ukamwonyesha, akaniangalia tu. Hakuongea. Hajarudi. Nikalala nikifikiri, watu wote hawa wenye akili zao, na picha yenyewe, mimi nani? Ndipo ikaanza kunijia. Kwanza njia ya nyuma. Halafu mgongo wake. Sasa naona vizuri, afande. Hata upepo nausikia."

"Hukupanda mwamba ule. Nakuomba."

"Usijilaumu, hukunipiga. Mwingine angenipiga."

Kobe alimsogezea kalamu. Nje gari la kituo liliwashwa, dereva akaliacha lingurume. Baridi aliiokota kalamu, akaitazama, akairudisha mezani taratibu, imelala sawa na ukingo wa karatasi. Kisha akainua viganja vyake vyote viwili, vyeupe kwa miaka mingi ya barafu, akavigeuza mbele na nyuma.

"Kuna kitu kimoja tu kinanisumbua, na hakimu anaweza kuniuliza," alisema. "Nilimsukuma kwa mkono wa kulia au wa kushoto? Hapo hapanijii kabisa. Niambie wewe, afande."